Amplifaya Inaponung'unika, Tusikate Waya wa Ardhi



Wapenzi wasomaji, ukurasa huu umezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi, lugha na masomo ya watoto wetu ugenini. Mwezi huu tunawaomba radhi, kwani tutaingia katika habari za nyaya, koili na kapasita. Sababu yake ni kwamba mtoto wa watu alishtuliwa na umeme katika shughuli yetu wenyewe hapa Deira, na sehemu ya kosa hilo ni yetu sisi tuandikao.

Waliohudhuria mashindano ya watoto ya kusoma Qur'ani watakumbuka namna amplifaya ya jumuiya ilivyotuudhi siku ile. Haikuwa na ule mvumo mzito ambao wengi wetu tunaujua. Ilitoa mchakacho mkavu, mithili ya bajia zikitiwa katika mafuta ya moto, na kila mtoto alipokaribia maikrofoni mchakacho nao ulizidi. Kijana wetu mmoja, fundi wa simu katika vichochoro vya Naif, akaomba bisibisi. Akaifungua plagi ya pini tatu, akaukata ule waya wa kijani na manjano, akaifunga tena. Mchakacho ukatoweka. "Maalim," akatuambia, "dawa yake ndiyo hiyo." Nasi, tuliofundisha fizikia kwa zaidi ya miaka 30, tukampigia makofi mbele ya umati.

Majuma matatu baadaye ilikuwa khitma, katika ukumbi ule ule. Binti wa miaka 9 aliitwa kusoma. Mkono wa kulia alishika maikrofoni, na wa kushoto ukaegemea fremu ya dirisha la alumini. Aliiachia maikrofoni ikaanguka. "Babu, chuma hiki kinauma," akasema. Baadhi ya watu wakacheka, bibi mmoja akasema mtoto ameona haya. Sisi hatukucheka. Tulizima umeme, na wageni walipoondoka tukapima kwa mita kati ya bodi ya amplifaya na tundu la ardhi la soketi, amplifaya ikiwa imewashwa. Mita ilisoma volti 108.

Usiku ule hatukulala vizuri, na tangu hapo tumeona ni wajibu wetu kueleza jambo hili kwa ukamilifu: kwa nini kukata waya kuliondoa kelele, kwa nini kukata huko ni hatari, na ni kifaa gani kidogo, cha bei ndogo, ambacho kilistahili kufanya kazi hiyo.

Umeme uingiao katika amplifaya hupita katika nyaya mbili, waya wa moto na nyutro. Mkondo uendao kwa mmoja hurudi kwa mwingine, na kwa kila lahadha kiasi kiendacho ni sawa na kiasi kirudicho. Hiyo ndiyo njia ya halali ya umeme. Waya wa tatu, ule wa ardhi, ambao mafundi huuita erthi, haukuwekwa ubebe mzigo siku za amani. Umewekwa ungoje siku ya balaa. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bodi ya chuma, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini, fyuzi hukatika, na mtu husalimika. Ukiukata waya huo, siku ya balaa bodi nzima hubeba volti 230, fyuzi haina habari, na mkondo hungoja mtu wa kuupeleka ardhini kwa mwili wake.

Sasa tutazame kelele. Iko kelele ifuatayo njia ile ile ya halali, ikienda kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro. Hiyo hupunguzwa kwa kapasita iliyofungwa baina ya nyaya hizo mbili. Lakini iko ya pili, yenye hila zaidi. Hii hupanda nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa upande mmoja na kwa wakati mmoja, kama abiria wawili walioingia abra moja kutoka Sabkha kuelekea Bur Dubai. Marejeo yake hayapiti katika waya wowote wa hizo mbili. Hurudi kwa ardhi, au kwa bodi ya chuma, au kwa wavu wa shaba uliozunguka waya wa maikrofoni. Wahandisi huiita kelele ya komoni modi. Katika ukurasa huu tutaiita kelele ya pamoja. Kapasita iliyo baina ya moto na nyutro haiioni kelele hii hata kidogo, kwa kuwa pande zake mbili hupanda na kushuka sawasawa.

Yatoka wapi? Tazameni ukumbi wetu. Dari lina taa za LED, ukutani kuna chaja za simu zisizohesabika, jirani ana kompyuta, na juu yetu viyoyozi vya inveta vinafanya kazi usiku na mchana. Vyombo hivi vyote huukata umeme vipande vipande, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na pengine zaidi ya laki moja. Kila mkato huacha chembe ya kelele, na chembe hizo husafiri katika nyaya za jengo zima.

Wengi hudhani kwamba transfoma nzito ya chuma iliyo ndani ya amplifaya huzuia takataka hizo, maana koili zake mbili hazigusani. Hazigusani kweli, lakini zimekaribiana, na vitu viwili vya shaba vilivyokaribiana ni kapasita, apende mtengenezaji asipende. Tuchukue transfoma yenye pikofaradi 500 baina ya koili zake. Kwa umeme wa hezi 50, uwazi huo una ukinzani wa zaidi ya omu milioni 6, yaani ni ukuta. Kwa kelele ya megahezi 1, ukinzani huo huo ni omu 318 tu. Ukuta umekuwa mlango. (Transfoma za duara, zile wazipendazo vijana kwa wembamba wake, aghalabu huwa na kapasita kubwa zaidi, kwa kuwa koili moja imelala juu ya nyingine.)

Msomaji makini atauliza: ikiwa sikio la mwanadamu halisikii zaidi ya kilohezi 20, kelele ya megahezi yatuudhi vipi? Jibu ni kwamba transista za mwanzo za amplifaya zikipewa mawimbi hayo ya juu huyageuza, kama redio ya zamani ilivyoyageuza mawimbi ya stesheni yakawa sauti. Kinachobaki ndicho ule mchakacho wa bajia.

Tunaweza sasa kusema kwa nini kisu cha kijana wetu kilifaulu. Kelele ya pamoja ilikuwa ikiingia kwa nyaya za umeme, na nyingine kwa chaja ndogo ya pini mbili iliyokuwa ikiendesha kipokezi cha maikrofoni isiyo na waya. Zote zilipita katika wavu wa nyaya za sauti, zikaingia katika bodi ya amplifaya, zikarejea kwao kupitia waya wa ardhi. Ulipokatwa waya huo, duara likavunjika, na kelele ikakosa njia ya kurudi. Kwa hiyo alikuwa sahihi kuhusu njia ya kelele. Alichokosea ni kwamba waya ule haukuwa wa kelele peke yake.

Kinachotakiwa ni kitu kitakachokuwa kama waya uliokatwa kwa kelele, na kama waya mzima kwa umeme wa kawaida na kwa usalama. Kitu hicho kipo, nacho ni choki.

Kina baba wa umri wetu wanaijua choki ya taa za tyubu, ile iliyokuwa ikinguruma darini. Hii ni ndugu yake, lakini ina koili mbili zilizosokotwa juu ya pete moja ya feraiti, yaani udongo wa chuma uliochomwa ukawa mgumu kama kigae. Koili hizo zina idadi sawa ya mizunguko. Waya wa moto hupita katika moja, nyutro hupita katika nyingine. Kwa kuwa ni mbili katika pete moja, tutaiita choki pacha.

Utendaji wake ni mzuri kuutafakari. Mliowahi kusimama ukingoni mwa Khor mmewaona wapagazi wakisukuma mikokoteni kuelekea majahazini. Wapagazi wawili wakiusukuma mkokoteni mmoja, huyu kutoka mbele na yule kutoka nyuma, kwa nguvu sawa, mkokoteni hauendi popote. Ndivyo ulivyo umeme wa halali ndani ya pete: mkondo uendao huzalisha nguvu ya sumaku upande huu, urudio huzalisha ile ile upande wa pili, na pete hubaki kana kwamba hapakupita kitu. Choki haiuzuii umeme huo isipokuwa kwa ukinzani mdogo wa shaba yenyewe. Lakini kelele ya pamoja husukuma kwa koili zote mbili upande mmoja. Hapo pete hujaa sumaku, na sumaku hiyo huipinga kelele iliyoizalisha.

Tuweke tarakimu. Choki pacha ya milihenri 10 huipinga kelele ya pamoja ya kilohezi 150 kwa zaidi ya omu 9,400. Kelele hiyo hiyo ingekuwa ya hezi 50, upinzani ungekuwa omu 3 na kidogo tu. Tunaomba msomaji aikumbuke tarakimu hii ya pili, tutairudia.

Choki peke yake haitoshi. Huenda pamoja na kapasita mbili ndogo, moja kutoka waya wa moto hadi bodi iliyofungwa ardhini, nyingine kutoka nyutro hadi bodi hiyo hiyo. Choki huizuia kelele mlangoni, na kapasita huipa ile iliyopenya njia fupi ya kwenda ardhini kabla haijafika kwenye transfoma. Waya wa ardhi wenyewe haupiti ndani ya choki, huenda moja kwa moja hadi kwenye bodi ukafungwa kwa skrubu.

Na hapa ndipo tulipoipata siri ya zile volti 108. Tulipoifungua amplifaya yetu tulizikuta kapasita mbili za buluu mahali pake, za nanofaradi 4.7 kila moja. Ardhi ilipokatwa, kapasita hizo zikawa ngazi yenye vidato viwili baina ya moto na nyutro, na bodi ikakaa katikati, karibu na nusu ya volti 230. Mkondo uwezao kupita hapo ni kama theluthi moja ya miliampea. Wamshtua mtoto, lakini haumdhuru. Mwenyezi Mungu alituonya kwa kidogo. Mchubuko mmoja wa waya ndani ya bodi ungetuonya kwa kikubwa.

Karibu na kapasita hizo, kwenye kibao cha saketi, palikuwa na mchoro mweupe wa pete na matundu manne. Choki haikuwapo. Mahali pake palifungwa vipande viwili vya waya mtupu, vilivyonyooka kama vijiti vya kiberiti. Mhandisi aliichora, na mtu wa hesabu akaifuta. Tangu tarehe 1 Januari 1996, sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1989 iliwalazimisha wauzaji huko kuzuia kelele za namna hii zisitoke katika vyombo vyao, na ndiyo maana michoro mingi ina nafasi ya choki. Lakini chombo kinapotengenezwa kwa soko lisilokagua, nafasi hubaki na choki huondoka. Alama ya CE iliyobandikwa nyuma si ushahidi wa kilichomo ndani. Duka lililotuuzia hatutalitaja, maana huenda nalo halikujua.

Tulifanya hivi. Kwanza kabisa tuliuunganisha waya wa ardhi, na mchakacho ukarudi wote. Pili, tuliichukua ile chaja ya kipokezi, tukaupitisha waya wake, nyuzi zake mbili kwa pamoja, mara 5 ndani ya pete ya feraiti. Hiyo nayo ni choki pacha ya kienyeji, na kwa kuwa nguvu yake hukua kwa mraba wa mizunguko, mizunguko 5 ni sawa na pete 25 zilizovishwa mara moja moja. Mchakacho ukapungua kwa kiasi cha kusikika na kila mtu. Tatu, kijana wetu yule yule aliving'oa vipande viwili vya waya, akatia choki pacha ya milihenri 10. Tuliinunua Sabkha kwa bei isiyozidi chakula cha mchana cha mtu mmoja. Mchakacho uliobaki unausikia ukitia sikio kwenye spika, na ukumbini hausikiki.

Watakaokwenda kuitafuta wawe na hadhari. Ukisema "choki" tu, utapewa ya tyubu. Choki pacha ina miguu minne. Ukiipima kwa mita, kila koili husoma karibu na sifuri, na baina ya koili mbili pasiwe na mawasiliano kabisa. Anayeifunga asije akaiweka koili moja baina ya moto na nyutro, kwani huo ni mkato mtupu, na fyuzi italipuka usoni. Wala asizigeuze ncha za koili moja, maana hapo wapagazi wote wawili watasukuma upande mmoja, umeme wa kawaida utaijaza pete sumaku, na choki itakuwa pambo.

Ukubwa wake huandikwa kwa ampea. Amplifaya ivutayo wati 500 huchukua ampea 2 na ziada kidogo, lakini dayodi zake huuvuta mkondo kwa mishtuko mifupi mifupi, na mishtuko hupasha joto zaidi ya hesabu ya darasani. Tuliichagua ya ampea 4. Kapasita za kwenda ardhini lazima ziwe na maandishi Y2 au Y1, na ile ya baina ya moto na nyutro iwe X2. Muuzaji akikuambia ya kawaida ya volti 400 "ni ile ile", mwage kwa salamu. Kapasita ya kawaida ikiharibika huweza kuwa waya mtupu, na ikiwa ni ile iendayo kwenye bodi, tumerudi kwa binti na dirisha.

Asiyejua kulehemu asiifungue amplifaya kabisa, maana kapasita kubwa za ndani huweka umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Huyo anunue soketi ya nyuma iliyo na kichujio ndani ya kopo la chuma, choki na kapasita zake zikiwa tayari, na fundi ataifunga kwa nusu saa.

Tuirudie ile tarakimu ya omu 3. Kuna ndugu waliotuletea amplifaya zenye mvumo mzito, wakitumai choki itazitibu. Mvumo huo ni wa hezi 50 au 100, na kwa choki hiyo ni sawa na kumzuia ng'ombe kwa uzi. Mara nyingi hutokana na vyombo viwili vilivyofungwa ardhini katika soketi mbili za mbali, kisha vikaunganishwa tena kwa waya wa sauti. Vichomeni vyote katika ubao mmoja wa soketi. Usipokoma, tieni transfoma ndogo ya sauti katika waya wa kutoka kwenye kompyuta. Na hapo pia ardhi isiguswe.

Jambo la mwisho linawahusu wanaotuma vyombo nyumbani. Kila mwaka makasha ya spika na amplifaya huondoka hapa Deira kwenda Tanga, Pemba, Lamu na Kariakoo, na baadhi yake ni sadaka kwa misikiti na vyuo vya watoto. Nyumba nyingi za kwetu zina soketi za pini tatu ambazo tundu lake la ardhi halikuungwa na kitu. Amplifaya yenye kichujio kizuri, ikichomekwa hapo, itafanya vile vile ilivyomfanyia binti wetu, bila ya mtu yeyote kukata waya. Anayetoa amplifaya na atoe pamoja nayo chuma cha ardhi, kile kijiti kirefu cha shaba, na ujira wa fundi wa kukipigilia karibu na ukuta na kukiunga.

Kijana wetu ameona uchungu kuliko tulivyotaka aone. Ijumaa iliyopita, baada ya Alasiri, alikuja na bisibisi yake akazifungua plagi zote za jumuiya moja moja juu ya meza, nasi tukimshikia taa. Zilikuwa 9. Katika 2, waya wa kijani na manjano ulikuwa umekatwa zamani, kabla ya yeye kufika Dubai, na ncha zake zilikuwa zimezungushiwa utepe kwa ustadi.